Shetani wa Bure Nyumbani kwa Bi Mejumaa

9 Aprili 1996

Masika yameanza leo kwa kishindo, na kazi yangu imeanza kufa siku hiyo hiyo. Bwana Joab, mwenye kampuni yetu ya uwakala wa meli, alituita sote ofisini mwake, pale Shimanzi, akatutangazia kwamba mwisho wa Juni mashine ya teleksi, ile ya kupeleka ujumbe wa taipu ng'ambo, itazimwa. Mawakala wetu wa bandari ya Rotadamu wamechoka nayo. Sasa wanataka barua za kompyuta, zile zinazopita ndani ya waya wa simu. Kompyuta mpya itanunuliwa, na atakayeikalia ni Dancan wa dawati la mapokezi, kwa sababu Dancan ana cheti.

"Na Loise je?" akauliza mtu nyuma.

"Loise tutamtafutia pa kumweka," akasema Bwana Joab, kana kwamba anazungumzia kabati.

Nimeikalia teleksi hiyo tangu nimalize shule. Naijua hata kikohozi chake. Jioni nilimfuata Bwana Joab nikamwomba ile kompyuta yake kuukuu iliyo stoo, inayoegemezewa mifagio. Alicheka, akasema niichukue, nitakuwa nimempunguzia takataka. Hamali ameileta ninakokaa, Kibokoni, kwa mkokoteni, imefunikwa turubai, mvua inapiga, nami nyuma yake kama mfiwa anayefuata jeneza.

Bi Mejumaa, mwenye nyumba ninayopanga chumba, alikuwa amesimama mlangoni.

"Ni televisheni?"

"La, Bi Mejumaa. Ni kompyuta."

"Yala stima?"

"Kidogo tu."

"Yasema?"

"Haisemi."

"Basi ipandishe juu. Nyumba hini msemaji ni mmoja."

10 Aprili

Mvua. Nimeiwasha. Imetoa mstari mmoja wa Kiingereza cha hasira, ikanyamaza.

13 Aprili

Nimekwenda Tudor kwa Gunga, fundi wa redio za meli. Watu wa kanisani kwetu wanasema kama kitu kina waya, Gunga anakijua. Labda. Mimi nimemwona mtu mmoja mwenye kiburi, amejaa risasi ya kulehemu vidoleni, na ana ugonjwa wa kujibu swali kwa swali.

"Kompyuta hii yaweza kupeleka barua kwa simu?"

"Wewe waweza kungoja?"

"Tatizo lake ni nini?"

"Mtu asiye na roho ana tatizo gani?"

Nilipomkamua sana ndipo akaeleza. Kompyuta yangu imefutwa kila kitu ndani, haina mfumo wa kuiendesha. Yeye anao mfumo mmoja wa ukoo wa Unix, uliotengenezwa na watu waliotawanyika duniani kote, wengi wao hawajaonana uso kwa uso, na wanaugawa bure kwa anayeutaka. Barua za kwenye simu ndizo kazi yake hasa. Anao kwenye sahani ing'aayo, lakini kompyuta yangu haina pa kuitia sahani hiyo, kwa hivyo amenihamishia kwenye disketi, bunda zima, nimelifunga kwenye leso.

"Cha bure huwa ghali," nikamwambia wakati wa kuondoka.

"Nani amekwambia hiki si ghali?"

Amenipa na kijitabu cha maelezo. Sikukitazama jalada, mvua ilikuwa kubwa.

15 Aprili

Laiti ningelitazama.

Nilirudi kazini nikamkuta Bi Mejumaa amekaa kibarazani, buibui limekazwa, na mbele yake, juu ya jiwe, kijitabu cha Gunga. Amekishika kwa koleo la makaa.

"Shikamoo, Bi Mejumaa."

"Marahaba. Loisi, mwanangu, nimepanda kukuwekea mahamri. Nimekuta nini kitandani mwako?"

Nikatazama. Pale jaladani palikuwa na shetani. Sisemi kwa mafumbo: shetani mwenyewe, mwekundu, ana pembe mbili, mkia na mkuki wa meno, anatabasamu, na miguuni amevaa raba.

"Nyumba hini yasomwa Yasini kila Ijumaa," akasema Bi Mejumaa. "Marehemu mume wangu hakuruhusu hata picha ya farasi. Nieleze."

Nilipanda kibarazani mbio, nikaeleza huku natafuta maneno kwenye kurasa. Nikasema ni alama tu. Kwa lugha ya mafundi hao, ni mtumishi asiyeonekana, anakaa ndani ya mashine akingoja kazi. Barua ikija, yeye huipokea. Barua ikitoka, yeye huipeleka.

"Haonekani?"

"Haonekani."

"Hali wala hanywi?"

"Hapana."

"Yuwakaa kimya, yuwangoja atumwe?"

"Ndiyo, ndivyo hasa."

"Basi huyo ni jini. Mimi nimezaliwa Mji wa Kale, Loisi. Jini nikielezwa namjua."

Nilianza kufikiria nitahamishia wapi kitanda changu. Bi Mejumaa akakigeuzageuza kijitabu kwa koleo, kama anayechoma samaki.

"Wakristo wenzio wamuona si shetani?"

"Padri hajamwona bado."

Hilo lilimchekesha kidogo, akajifanya anakohoa. Akaingia ndani, akatoka na gundi, mkasi na karatasi nyeupe ya pakiti ya sukari. "Kama yuwataka kutumika nyumba hini," akasema, "na avae nguo." Akakata kanzu ndogo mpaka miguuni, akambandika. Akakata kofia, akaziba pembe. Mkuki akauchora juu kwa kalamu ukawa bakora. Zilizobaki ni raba tu, zinachungulia chini ya kanzu, na shetani wa watu amegeuka kijana wa siku hizi anayewahi Ijumaa.

Nimelala na kijitabu chini ya mto. Sijui nacheka au naogopa.

16 Aprili

Nimeanza kutia disketi. Ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya saba imekataa.

17 Aprili

Mvua. Tudor, kwa Gunga, kunakiliwa upya ya saba. "Mbona imeharibika?" "Mbona mvua inanyesha?"

19 Aprili

Ijumaa. Bi Mejumaa amesoma Yasini amekaa mlangoni pa chumba changu, sauti juu kidogo kuliko desturi. Ya saba imekubali. Ya kumi na moja imekataa.

22 Aprili

Stima imepotea katikati. Kuanza upya tangu ya kwanza.

24 Aprili

Dancan amewaambia ofisi nzima kwamba nafuga kompyuta. Akanipa na shauri, mbele ya watu: niianike juani. Jua lipi? Namchukia Dancan, na tai yake, na cheti chake alichokitia fremu.

28 Aprili

Idi. Pilau ya Bi Mejumaa imeniponya mambo mengi. Sikuigusa mashine.

6 Mei

Ya saba, tena.

11 Mei

Imekubali! Zote, hadi ya mwisho! Nimepiga kelele, Bi Mejumaa akapanda na pakacha akidhani ni panya.

Mwishoni mashine ikaanza kuuliza maswali. Kwanza ilitaka jina la kuitwa. Nilikumbuka ukaidi wake wote wa mwezi mzima, nikaiita mejumaa. Mungu anisamehe. Kisha ikataka neno la siri la mkuu wa mashine, yule mwenye ruhusa ya kila kitu. Kijitabu kinasema lisiwe jina lako wala la mzazi, lisiwe neno rahisi. Nikafikiri neno gumu sana, ambalo mtu hawezi kulibahatisha. Nikaliandika mara mbili. Nikazima, nikanywa chai kwa furaha, nikawasha.

Ikaandika jina lake, ikaniuliza neno la siri.

Silikumbuki.

12 Mei

Nadhani lilikuwa samaki. Nimejaribu majina ya wote ninaowajua. Kanisani leo nimesali nikiwa na nia moja tu.

13 Mei

Gunga amekuja mwenyewe, analowa, na kwa mara ya kwanza nimeona faida ya ujeuri wake. Hakunicheka. Aliiwasha mashine kwa namna fulani, akaikatiza katikati ya kuamka, ikampa nafasi bila kumwuliza neno lolote. Kumbe mwenye kukaa mbele ya mashine hii ana mlango wake wa uani, anaingia na kuweka neno jipya.

Bi Mejumaa alikuwa amesimama nyuma yetu na sinia ya kahawa. "Nyumba ina kufuli mbele," akasema, "na uani mlango wazi. Kufuli ya nini?"

"Bi Mejumaa," akasema Gunga, "mwizi atafikaje uani kama wewe umekaa kibarazani?"

Akaridhika na jibu hilo kuliko nilivyotazamia. Mara akainama, akakaza macho kwenye skrini. Kiingereza hajui, ila herufi anazisoma zote.

"Me-ju-maa," akasoma. Akasoma tena. "Hili ni jina langu."

Gunga akatazama dari.

"Wameniandika!" akasema Bi Mejumaa. "Loisi, umeipa mashine jina langu?"

"Nilikuwa... ndiyo, Bi Mejumaa. Kwa heshima."

Akaweka sinia chini. Akafuta vumbi juu ya kompyuta kwa ncha ya leso yake, polepole, kama anayemfuta mtoto uso. "Marehemu alikuwa na mashua, akaipa jina la mamake," akasema. "Mimi sikuwahi kupewa hata kuku."

Kisha akasema, bila kuombwa, kwamba simu yake ya chini tunaweza kuitumia.

Ni lazima nieleze simu hiyo. Inakaa sebuleni juu ya kigoda chake, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na ina kikufuli kidogo, ufunguo unaning'inia shingoni mwa Bi Mejumaa. Hutumika saa moja kwa siku, asubuhi, anapozungumza na dadake Mwanaisha aliye Lamu. Mimi katika miaka yangu ya kupanga hapa nimeigusa mara moja, nikipangusa.

20 Mei

Gunga ameleta modemu, kisanduku kinachofunga kompyuta na simu pamoja. Ana rafiki Nairobi mwenye mashine inayopokea barua za watu na kuzipeleka ng'ambo, amekubali kutupokea. Tumetandaza waya ngazini. Nimebonyeza. Modemu ikaita, ikapokewa na mwenzake wa Nairobi, zikaanza kile kilio chao cha kutambuana.

Nilisahau kumwambia Bi Mejumaa asiinue mkono wa simu.

Aliuinua. Kutoka juu nilisikia kwanza "Haloo, Mwanaisha?", kisha ukelele, kisha kitu kikianguka, kisha Ayatul Kursi kwa kasi ambayo sijapata kuisikia. Nilipofika chini alikuwa amepanda juu ya kochi.

"Amepiga ukelele sikioni mwangu!" akasema. "Nimemvika kanzu, nimempa jina langu, naye anipigia ukelele!"

21 Mei

Hatusemeshani. Mahamri leo yamewekwa ngazini, hayakupanda.

22 Mei

Simu imekufa. Haiiti, hailii. Bi Mejumaa ameitazama, akanitazama mimi, akaingia chumbani mwake.

24 Mei

Mvua haikatiki. Leo asubuhi, saa yake ya Lamu, nimemkuta amekaa kando ya simu iliyokufa, ameivua kitambaa, mikono mapajani. Hakuwa na hasira. Alikaa saa nzima pale, kisha akairudishia kitambaa. Nami nilidhani simu ile ni kiburi tu cha mwenye nyumba. Nimeshindwa kunywa chai yangu.

25 Mei

Nimemleta Gunga. Nilimwambia, potelea mbali kompyuta, mama wa watu apate simu yake.

Amefuata waya tangu sebuleni, ukutani, mpaka nje ya roshani, ambapo unapanda kwenye nguzo ya paa. Hapo akasimama. Juu ya nguzo palikuwa na kiota cha kunguru, kikubwa kama beseni, na kimefumwa kwa waya. Waya wetu! Walikuwa wameuchuna mpaka ukakatika, wakaendelea na ujenzi.

"Kumbe si yeye," akasema Bi Mejumaa taratibu, na nikajua anamkusudia yule wa kanzu.

Kunguru wa mji huu kila mtu anawajua. Gunga alipotoa kichwa tu nje, wakamshukia. Akarudi ndani, damu sikioni. Bi Mejumaa akaenda jikoni, akarudi na sufuria ya kupikia wali. "Vaa," akamwamuru. Akavaa. Akatoka tena juu ya paa la mabati, mvua inamiminika, sufuria kichwani, koleo la fundi mdomoni, na kunguru kumi wanaigonga ile sufuria ngo, ngo, ngo, hadi watu wa nyumba ya pili wakafungua madirisha. Bi Mejumaa amesimama roshani na ufagio wa njukuti za mnazi, anawatukana kunguru kwa Kimvita cha ndani ambacho sitakiandika hapa. Mimi nimemshika Gunga kwa mshipi wa suruali asiteleze.

Aliporudi ndani alikaa chini sakafuni, sufuria bado kichwani.

"Nimeogopa sana," akasema.

Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akisema jambo lisilo swali. Nikamvua sufuria nikampa taulo. Ana macho mazuri, sikuwa nimeyaona.

Simu inalia. Bi Mejumaa amezungumza na Lamu mpaka adhuhuri, na nusu ya mazungumzo ni kunguru. Jioni akanipandishia mahamri mwenyewe. "Mpigie Nairobi baada ya Magharibi," akasema. "Mimi sitauinua. Ila mwambie apunguze ukelele."

3 Juni

Dancan amekuja Kibokoni, ameloa chepechepe, tai imemganda shingoni. Nilidhani amekuja kupeleleza. Akakaa, akakataa chai, akakubali chai.

"Dada Loise, nitazame uniambie. Kompyuta mtu huiwashia wapi?"

Nikadhani ananidhihaki. Kumbe cheti chake ni cha kupiga taipu. Chuo kilikuwa na neno kompyuta kwenye kibao cha nje, na kompyuta yenyewe ilikuwa moja, ndani ya ofisi ya mkuu wa chuo, wakiiona kupitia dirishani. Tangu Aprili hajalala vizuri. Mkewe amejifungua juzi, na kila siku Bwana Joab anamwita "mtaalamu".

Nimekuwa nikimchukia bure miezi miwili mtu anayeogopa kitu kile kile ninachokiogopa mimi. Nikamwonyesha pa kuwashia. Akawasha, akafurahi kama mtoto, akazima, akawasha tena.

"Usizime hivyo!" nikamfokea. Basi, somo la kwanza.

12 Juni

Barua imekwenda! Nairobi wamejibu: "Tumepata." Neno moja tu. Gunga amelisoma mara tatu kwa sauti. Nimemwandikia na yule wakala wa Rotadamu, kujitambulisha.

14 Juni

Rotadamu wamejibu. Nimemwambia Bwana Joab. Alisema "vizuri, vizuri" bila kuinua uso.

25 Juni

Nina mengi na mkono umechoka, lakini lazima niandike.

Usiku wa kuamkia leo maji yaliingia chini ya barabara ya Shimanzi, na simu zote za upande ule zikafa. Teleksi kimya, faksi kimya. Na meli yetu inatia nanga kesho. Bila orodha ya makontena hakuna atakayeshusha hata sanduku, na meli itasogezwa nyuma ya foleni, na mwenye mizigo ameshaapa kwamba safari hii akicheleweshwa atahamia kwa wakala mwingine. Huyo ndiye mteja mkubwa pekee aliyebaki. Akihama, hakuna ofisi. Bwana Joab alikimbilia duka moja la faksi mjini, akarudi na kurasa nyeusi kama makaa, namba hazisomeki. Akazitandaza mezani, akakaa. Sijapata kumwona mtu mkubwa vile amekuwa mdogo vile.

"Bwana Joab," nikasema, "waombe Rotadamu kwa simu ya mjini watume orodha kwa barua ya kompyuta. Ile anwani wanayo."

"Kompyuta gani?"

"Ile ya mifagio."

Basi tukaja Kibokoni, Bwana Joab, Dancan na mimi, katikati ya mvua. Gunga, niliyempelekea ujumbe, alishafika. Bi Mejumaa alitupokea mlangoni, akamtazama Bwana Joab tangu kichwani hadi miguuni, akaishia miguuni.

"Viatu."

Bwana Joab akavua. Soksi yake ya kulia ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilikuwa nje kinaangalia watu.

"Karibu kitako. Wewe ndiwe utafutaye pa kumweka mwanangu?"

"Mama, ilikuwa ni... lugha ya kikazi."

"Haya, kula."

Akala. Mahamri, mbaazi, na mahamri tena, kwa kuwa kila aliposema ameshiba aliongezwa. Mimi juu nikabonyeza. Laini ikakatika. Nikabonyeza. Ikakatika. Mara ya tatu kile kilio kikashuka ngazini, na Bwana Joab akaruka, chai ikamwagika.

"Tulia," Bi Mejumaa akamwambia bila kugeuka. "Ndivyo aitavyo."

Orodha ikaanza kuingia, polepole mno, kontena kwa kontena, kila namba safi. Ilipomalizika tukatazamana: hatuna mashine ya kuchapishia. Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo, hata Gunga.

Dancan akainuka. "Ofisini kuna taipu," akasema, na akatoka mbio kwenye mvua. Akarudi nayo amekumbatia, imefungwa koti lake. Bwana Joab akapanda ghorofani na soksi yake, akavaa miwani, akasoma namba kwenye skrini, na Dancan akapiga. Jamani, sijaona vidole kama vile! Hata Bi Mejumaa alisimama mlangoni akasikiliza kama anasikiliza ngoma. Cheti kile si cha uongo hata kidogo.

Alasiri orodha imefika bandarini. Bwana Joab alipokuwa akifunga kamba za viatu, akasema bila kunitazama, "Kompyuta mpya ikija, utaikalia wewe."

"Pamoja na Dancan," nikasema.

"Kwani Dancan si mtaalamu tayari?"

Dancan akatazama taipu yake. "Bado najifunza, bwana," akasema. "Loise ananifundisha."

Bwana Joab akafikiri, akakubali. Akataka na ile kuukuu irudi ofisini kesho asubuhi. Bi Mejumaa akamfungulia mlango. "Hiyo ina jina langu," akasema. "Kwaheri, baba."

30 Juni

Jua. Mji mzima umeanika magodoro.

Bi Mejumaa amepanda juu, amevaa leso mpya, akasema anataka kuandika barua. Abdulhalim, mtoto wa dadake wa Lamu, yuko Malaysia chuoni, na hajaandika tangu Ramadhani. Chini ya barua yake ya mwisho aliacha anwani ya kompyuta, nao wakadhani ni namba ya chumba.

Akaketi wima, akaanza. Salamu kutoka kwake. Salamu za mamake, kisha za majirani wa kulia kwa majina, na wa kushoto kwa majina. Salamu za imamu, za muuza kahawa, za wajukuu wa muuza kahawa. Za Gunga, aliyekuwa kando yangu akijifanya anakaza skrubu. Nikamwambia kwa upole, "Bi Mejumaa, barua hizi huwa fupi. Labda tuseme jambo lenyewe."

"Barua isiyo na salamu ni taarifa ya msiba," akasema. "Andika."

Niliandika. Tulipokaribia jambo lenyewe adhana ikaita, akasema peleka hiyo kwanza, tutamaliza jioni. Jioni, kabla hatujaanza, jibu lilikuwa limeshafika.

Nikalisoma kwa sauti. Lilikuwa refu, skrini mbili na zaidi. Abdulhalim anamsalimu mamake mdogo, na mamake. Anawasalimu majirani wa kulia kwa majina, na wa kushoto kwa majina. Anamsalimu imamu, muuza kahawa, na kila mjukuu wa muuza kahawa, na mmoja ambaye sisi tulimsahau. Anamsalimu na Gunga, japo hamjui. Kisha akaandika kengele ya kulala imelia, wasalaam.

"Na zaidi yasema nini?" akauliza Bi Mejumaa.

"Hakuna zaidi."

Akashika ncha ya leso, akajifuta macho, moja, kisha la pili.

"Alhamdulillahi," akasema. "Hakumsahau hata mmoja."